Drili ya Ghorofa ya Saba

Siku ya kwanza tulikuwa wawili ndani ya programu,
Bogna na mimi.
Yeye aliweka ngazi, nikaiazima.
Mimi niliweka pasi, akaiazima.
Tukapeana nyota tano tano
kama watoto wanaouziana mchanga.

Łódź ina watu wengi kuliko uvumilivu wangu.
Tulibandika matangazo kwenye vituo vya tramu,
theluji ikayalamba, upepo ukayasoma ukapita.
Walioingia waliingia mmoja mmoja,
huyu wa mashariki ya mji, yule wa magharibi,
wakakuta ukurasa mweupe kama nje,
wakakung'uta viatu, wakaondoka.
Sikuwalaumu.
Nani atakaa kwenye karamu
ambamo yeye ndiye mgeni, mpishi na sahani?
Mtu wa kwanza kununua simu
alimpigia nani?

Usiku mmoja nikafanya jambo ninaloona haya kulisema:
nikazaa watu kwa vidole.
Kalina, mwenye baiskeli mbili.
Tymon, mwenye msumeno.
Asubuhi mtu wa kweli akamwomba Tymon msumeno.
Nikakimbilia dukani, nikaununua,
nikaukwaruza ukutani uonekane umezeeka,
nikaupeleka, nikaitikia jina la Tymon.
Bogna alipojua hakunisemesha siku mbili.
Siku ya tatu akasema:
"Vidole kumi vya mtu mmoja
bado ni mtu mmoja. Tuufunge mji."

Tukaufunga.
Tukabakiza jengo moja tu,
ghorofa kumi na moja, lango moja,
lifti inayogoma kila Jumapili,
milango themanini na minane.
Bogna akaibeba drili begani
akabisha hodi mmoja baada ya mwingine:
Una ukuta? Una picha iliyoegeshwa chini?
Wengine walimfungulia kwa ufa wa mnyororo.
Mmoja alidhani amekuja kusoma mita ya gesi,
akamwonyesha mita,
naye, kwa adabu, akaisoma.

Ghorofa ya saba alikuwapo Bwana Ludomir,
mgane wa mwaka mmoja.
Aliazima Jumatatu.
Jumanne drili ikarudi na chupa ya matango ya siki.
Alhamisi akaazima tena.
Mama Wiesława wa ghorofa ya tatu akaiona ndani ya lifti,
akauliza ni ya nani;
akajibiwa, ni ya anayeihitaji;
jioni hiyo akaweka cherehani yake.
Kisha mtu akaweka toroli,
mtu akaweka kitanda cha mtoto aliyekwisha kuota ndevu.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
sikuwahi kujua methali inaweza kuhesabika.
Theluji ilipoyeyuka ilikuwa milango sitini na mmoja.

Wenye fedha walitaka mchoro, nikawachorea.
Wakauliza, "Ni nini kinachowafanya wabaki?"
Nikasema: vifaa.
Nilisema bila kupepesa.

Wiki iliyofuata Ludomir akaniita nimtengenezee simu.
Nilimkuta ameiweka drili mezani,
ameifunga kwa kitambaa kilichopigwa pasi,
na kando yake vikombe viwili.
Ukutani picha moja. Tundu moja.
Katika daftari letu ameazima mara kumi na tisa.
"Leo anakuja nani kuichukua?" akaniuliza,
akatazama mlango, si mimi.

Sasa tuna majengo arobaini.
Niliyemkwaruzia msumeno ametuandikia,
anataka kujua Tymon alihamia wapi.
Sijamjibu.

Wenye fedha wanataka kasi:
makabati ya chuma chini ya kila jengo,
namba ya siri, weka, chukua, nenda zako,
hakuna kusubiri, hakuna hodi.
Nimeshaandika karibu yote. Inafanya kazi vizuri.
Nilimwonyesha Bogna jana usiku.
Alipitisha kidole kwenye vipimo vya kabati,
upana, kimo, kina,
akaniuliza kitu kimoja tu:

linaingia vikombe vingapi?